Kyubu kamili na mpangilio wa namba: mwongozo kamili kwa watoto wa JSS na wazazi wanaokaa nao

Hapa Lamu baada ya alasiri watoto wa JSS (sekondari ya chini, gredi ya 7 mpaka ya 9) wanakuja kwangu tuisheni na madaftari yao, na karibu wote wameshakariri kyubu kumi za mwanzo, 1, 8, 27, 64, 125 mpaka 1,000, wanaitiririsha bila kupumua. Lakini ukimshika mmoja umuulize, ebu 64 imetoka wapi, anakutazama tu. Shida yenyewe ni iyo, manake mtihani hauombi listi, mtihani unakwambia birika lenye pande zote sawa lina lita 216 tafuta urefu wa upande mmoja, ama utaje namba ndogo kabisa ya kuzidisha na 72 mpaka ipatikane kyubu kamili (namba kama 64, ambayo ni 4 × 4 × 4), na apo aliyekariri tu anakwama. Mimi naamini kwa dhati kwamba kyubu ni kitu cha kujengwa kwa mkono kwanza alafu ndio kiandikwe, na kila mpangilio ntakaouonyesha apa chini una sababu yake ndani ya icho kitu ulichojenga. Mtoto akishaiona sababu kwa macho yake, namba hazimtoki tena.

Hatua ya 1: tafuta vipande 100

Nenda kwa fundi wa mbao. Lamu hatuna shida ya mafundi, wachongaji milango wana vipande vinavyobaki kila siku, na ukifika Matondoni wanakounda majahazi ndio usiseme. Muombe akukatie fito za sentimita 2 kwa 2 alafu azikate kila baada ya sentimita 2, upate vipande 100 vyenye pande zote sawa. Msisitizie usawa, kwa sababu kipande kikizidi kidogo tu upande mmoja, ukipanga vinne kyubu yako inapinda na mtoto anaanza kubishana na mbao badala ya hesabu. Kama fundi hana nafasi basi kata mche wa sabuni ya kufulia kwa waya mwembamba, unakatika vizuri sana. Sukari ya vipande nayo inafaa lakini kagua kwanza kama kweli pande zake ni sawa, nyingi ni ndefu upande mmoja, na uifunike la sivyo sisimizi watamaliza somo kabla yako.

Kwa nini 100? Subiri hatua ya 5, iyo namba sikuichagua ovyo.

Hatua ya 2: jenga ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4

Kipande kimoja peke yake ndio kyubu ya 1. Kyubu ya 2 ina urefu 2, upana 2, kimo 2. Mwambie mtoto ajenge orofa kwa orofa: orofa ya chini ni 2 mara 2, vipande 4, aongeze orofa nyingine juu yake, 8. Kyubu ya 3, orofa moja ni 9, orofa tatu, 27. Kyubu ya 4, orofa moja ni 16, orofa nne, 64. Na aseme kwa mdomo huku anapanga, "nne mara nne kumi na sita, kumi na sita mara nne sitini na nne". Kwenye daftari tunaandika 4³ = 4 × 4 × 4 = 64.

Kosa linalorudi kila mwaka kwa wanafunzi wapya ni kusema 4³ ni 12, yani wanazidisha 4 na ile 3 ya juu. Usimkaripie. Mpe vipande 12 umwambie sawa, nijengee kyubu ya 4 kwa ivyo. Ataweka mistari mitatu ya vipande vinne, hata orofa ya kwanza haijajaa, na hatarudia tena. Kumweleza kwa maneno hakufanyi kazi ata robo ya ivyo vipande 12.

Sasa geuza swali. Mpe 64 vikiwa vimemwagwa, muulize ukivijenga kyubu upande utakua na ngapi? Jibu lake 4 ndio kipeuo cha tatu cha 64. Kisha mpe 30. Atajenga ya 3 na vitatu vitabaki mkononi. Basi ndio maana ya kamili, hakuna kinachobaki, na 30 sio kyubu kamili.

Hatua ya 3: peleka namba kwenye birika

Hapa kwetu nyumba za zamani zina birika la maji chooni na misikiti ina birika la kutawadhia, kwaiyo hakuna mtoto wa Lamu asiyejua birika. Tumia hilo hilo. Birika lenye pande zote sentimita 10 kwa ndani linashika lita 1 kamili. Ukiongeza sentimita 10 kila upande, lita zinakuja ivi:

Sentimita 10, lita 1
Sentimita 20, lita 8
Sentimita 30, lita 27
Sentimita 40, lita 64
Sentimita 50, lita 125
Sentimita 60, lita 216
Sentimita 70, lita 343
Sentimita 80, lita 512
Sentimita 90, lita 729
Mita 1, lita 1,000

Umeona? Listi nzima ya kyubu kumi za mwanzo imekua ni maji. Birika la mita 1 ni jerikeni 50 za lita 20. La nusu mita wengi wanadhani litashika nusu yake, jerikeni 25, kumbe ni lita 125 tu, jerikeni 6 na robo. Sababu ni kwamba umepunguza nusu mara tatu, urefu, upana na kimo, na nusu ya nusu ya nusu ni sehemu moja kati ya nane.

Na hili wazazi pia walisikie. Mtu akitaka birika la kushika maji mara mbili asimwambie fundi aongeze kila upande mara mbili, la mita 2 kila upande linashika lita 8,000, hio ni mara nane, saruji na mawe vitakuisha. Kutoka lita 1,000 kwenda 2,000 unahitaji upande wa sentimita 126 tu (126 × 126 × 126 ni 2,000,376, gawanya kwa 1,000 upate lita 2,000 na kidogo). Sentimita 26 za nyongeza! Na kila mara pima kwa ndani, manake ukuta nao unakula nafasi.

Hatua ya 4: angalia namba zinavyopishana

Hii ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote, kaa nayo usiku mzima ikibidi.

Andika kyubu kwenye mstari: 1, 8, 27, 64, 125, 216, 343
Chini yake andika tofauti ya kila jirani: 7, 19, 37, 61, 91, 127
Chini yake tena, tofauti za izo tofauti: 12, 18, 24, 30, 36
Na mara ya mwisho: 6, 6, 6, 6

Mtoto akifika pale kwenye 6, 6, 6 macho yanamtoka, na ana haki. Hesabu ya kuzidisha mara tatu imeshuka mpaka imekua kujumlisha 6. Kwaiyo unaweza kuendeleza kyubu bila kuzidisha chochote: 36 ongeza 6 ni 42, 127 ongeza 42 ni 169, 343 ongeza 169 ni 512, na 512 ndio kyubu ya 8. Endelea: 48, 217, 729. Endelea: 54, 271, 1,000. Charles Babbage wa Uingereza miaka ya 1820 alianza kuunda mashine ya kutengeneza majedwali ya namba kwa wazo hili hili la tofauti, kwa sababu mashine ya kujumlisha ni rahisi kuunda kuliko ya kuzidisha.

Lakini mbona 7, 19, 37? Rudi kwenye vipande. Chukua kyubu ya 3 uifanye kuwa ya 4 bila kuivunja. Kwanza ivike nyuso tatu, juu, mbele na ubavu mmoja, kila uso unakula 9, jumla 27. Ukitazama utaona kwenye kingo tatu pamebaki mfereji mtupu wa vipande 3, jaza, ni 9. Alafu konani kabisa pamebaki tundu la kipande 1. 27 na 9 na 1 ni 37. Ndio hio 37 yenyewe! Kwaiyo kutoka kyubu ya n kwenda ya inayofuata unaongeza 3 × n × n, uongeze 3 × n, uongeze 1. Kutoka 4 kwenda 5: 48 + 12 + 1 = 61. Na ukiishika kyubu ya 4 ukaitazama kwa pembe, jicho moja limefungwa, vipande unavyoviona ni 37 vile vile, vile vingine 27 vimejificha nyuma. Waache wavihesabu wenyewe, usiwaambie jibu.

Kutoka apo unapata njia ya kutafuta kipeuo cha tatu kwa kutoa tu, nzuri kwa yule ambaye kuzidisha bado kunamsumbua. Chukua 343, toa 1, toa 7, toa 19, toa 37, toa 61, toa 91, toa 127. Imeisha, 0. Umetoa mara saba, basi kipeuo ni 7. Ikiwa haikuisha sawasawa, namba yako sio kyubu kamili.

Tukiwa bado na vipande, fanya na hili. Chukua kyubu ya 3, ipake chaki nje pande zote sita, alafu ivunje uvigawe. Vyenye chaki nyuso tatu ni 8 (vya konani), nyuso mbili 12, uso mmoja 6, kisicho na chaki hata kidogo 1 tu, kile cha katikati. Ukifanya na ya 4 unapata 8, 24, 24 na 8. Ya 5 huna vipande vya kutosha lakini mpangilio unakuambia wenyewe: 8, 36, 54, 27. Vile visivyopakwa kila mara ni kyubu, 1, 8, 27, kwa sababu umeimenya ile kubwa orofa moja kila upande ikabaki ndogo yake iliyopungua 2. Yule mchemraba wa rangi aliouvumbua Ernő Rubik wa Hungaria mwaka 1974 nao ni 3 kwa 3 kwa 3, lakini vipande vinavyoonekana ni 26, na sasa mtoto wako anaweza kukueleza ni kwa nini sio 27.

Hatua ya 5: bomoa zote ufanye mraba mmoja

Sasa ile 100. Jumlisha kyubu nne ulizojenga: 1 + 8 + 27 + 64 = 100. Na 100 ni 10 mara 10, mraba. Na 10 yenyewe ni 1 + 2 + 3 + 4. Sio bahati hio, angalia:

1 = 1 × 1
1 + 8 = 9 = 3 × 3
1 + 8 + 27 = 36 = 6 × 6
1 + 8 + 27 + 64 = 100 = 10 × 10

Izo 1, 3, 6, 10 ni jumla za 1, 1+2, 1+2+3, 1+2+3+4. Kwaiyo ukitaka jumla ya kyubu kadhaa kuanzia 1, jumlisha namba zenyewe kwanza alafu uzidishe jibu kwa lenyewe. Kyubu kumi za mwanzo: 1 mpaka 10 jumla ni 55, 55 × 55 ni 3,025. Umemaliza, wengine bado wanaandika 216 + 343.

Ila usiishie kuandika, lipange mkekani. Weka kipande 1. Chukua kyubu ya 2, orofa zake mbili. Orofa moja iweke kwa pembe ya kile kipande, kona kwa kona, orofa ya pili ikate katikati, nusu moja iingie kulia kwa kile kipande na nusu nyingine chini yake. Umepata mraba wa 3 kwa 3. Kyubu ya 3 ina orofa tatu za 9, moja kulia, moja chini, moja konani, hakuna haja ya kukata, mraba wa 6 kwa 6. Kyubu ya 4 ina orofa nne za 16, moja konani, moja kulia, moja chini, ya nne unaikata nusu mbili unajazia mapengo yaliyobaki juu kulia na chini kushoto, na hapo mkekani kuna mraba wa 10 kwa 10, haujazidi wala kupungua. Utaona kyubu za namba shufwa lazima ukate orofa moja nusu na za witiri hazikatwi, muulize mtoto kwa nini, ni swali zuri na jibu lake analo mbele yake.

Al-Karaji, mwanahesabu wa Baghdad kiasi cha mwaka 1000, alilionyesha jambo hili kwa mchoro wa mraba wa namna hii hii mpaka kyubu ya 10. Mimi nikiwafundisha watoto namtaja, wajue kwamba hesabu hii ina ukoo mrefu na kwamba katika ukoo huo kuna watu walioandika kwa herufi za Kiarabu wanazosoma wao kila siku kwenye chuo cha Qur'ani.

Hatua ya 6: namba witiri zinajipanga zenyewe

Andika namba witiri kwa mfululizo uzikate makundi, moja, mbili, tatu, nne, tano:

1 = 1
3 + 5 = 8
7 + 9 + 11 = 27
13 + 15 + 17 + 19 = 64
21 + 23 + 25 + 27 + 29 = 125

Nicomachus wa Gerasa, mji ulioko Jordan ya leo, aliandika juu ya hili karne nyingi kabla ya Al-Karaji. Sababu yake ni nyepesi: kwenye kundi la tano, ya katikati ni 25 ambayo ni 5 × 5, na zilizo pembeni zinalingana, 23 imepungua 2 na 27 imezidi 2, kwaiyo kundi zima ni sawa na 25 mara tano. Kwenye kundi la nne hakuna ya katikati lakini wastani ni 16, kati ya 15 na 17. Ukitaka namba ya kuanzia kundi lolote, zidisha namba kwa yenyewe, itoe yenyewe, ongeza 1. Kundi la sita: 36 toa 6 ni 30, ongeza 1, 31. Basi 31 + 33 + 35 + 37 + 39 + 41 = 216.

Hatua ya 7: tarakimu ya mwisho, na kipeuo cha namba kubwa bila kalkuleta

Angalia kyubu za 1 mpaka 10 zinavyoishia. 1 inaishia na 1, 4 na 4, 5 na 5, 6 na 6, 9 na 9, 0 na 0. Zilizobaki zinabadilishana mahali: 2 inaishia na 8, 8 inaishia na 2, 3 inaishia na 7, 7 inaishia na 3. Kila mwisho una mwenyewe mmoja tu, na hapa ndipo kyubu zinapoishinda miraba, kwa sababu kwenye miraba 4 na 6 zote zinaishia na 6 unabaki unabahatisha.

Sasa mtu akikupa 79,507 akakwambia ni kyubu kamili fanya ivi. Funika tarakimu tatu za mwisho kwa kidole, imebaki 79. 79 iko kati ya 64 na 125, yani kati ya kyubu ya 4 na ya 5, chukua ile ndogo, 4. Fungua kidole, namba inaishia na 7, na 7 mwenyewe ni 3. Jibu 43. Nyingine, 592,704: 592 iko kati ya 512 na 729, chukua 8, inaishia na 4, jibu 84. Inafanya kazi mpaka chini ya milioni moja, na mtoto aliyekariri kyubu tisa za mwanzo anaifanya chini ya sekunde tano mbele ya shangazi zake wote.

Onyo, na hili ni la muhimu sana: njia hii inakupa jibu hata kama namba sio kyubu kamili, na jibu hilo litakua la uongo. Ndio maana kuna kipimo cha kuchuja kwanza. Jumlisha tarakimu za namba mpaka ibaki moja. Kyubu zote zinabaki na 1, 8 au 9 peke yake, na kwa zamu: 1, 8, 9, 1, 8, 9. Jaribu 343, 3+4+3 ni 10, 1+0 ni 1. Sawa. 79,507 inatoa 28, alafu 10, alafu 1, imepita. 5,000 inatoa 5, iyo itupe, haiwezi kuwa kyubu. Lakini kupita sio ushahidi kamili, 28 nayo inapita na sio kyubu. Kipimo kinakataa tu, hakithibitishi.

Hatua ya 8: kugawa kwa namba tasa, njia isiyodanganya

Ukitaka uhakika, vunja namba kwa namba tasa, 2, 3, 5, 7, na kuendelea, alafu uzifunge tatu tatu. Tuchukue 13,824. Gawa kwa 2 mara nyingi uwezavyo: 6,912, 3,456, 1,728, 864, 432, 216, 108, 54, 27. Izo ni mara tisa. 27 ni 3 × 3 × 3. Kwaiyo tunazo 2 tisa na 3 tatu. Funga: 2 tisa ni mafungu matatu ya tatu tatu, 3 ni fungu moja. Kutoka kila fungu toa mjumbe mmoja: 2 × 2 × 2 × 3 = 24. Kipeuo cha tatu ni 24, na hakuna kilichobaki nje ya fungu kwaiyo ni kamili.

Na lile swali la 72 sasa limekua jepesi. 72 = 2 × 2 × 2 × 3 × 3. Fungu la 2 limetimia, 3 ziko mbili, inakosekana moja. Zidisha na 3, unapata 216. Kwa 500, ambayo ni 2 × 2 × 5 × 5 × 5, inakosekana 2 moja, unapata 1,000. Wakiuliza ugawe badala ya kuzidisha, unatupa kilichozidi: 1,080 ni 2 tatu, 3 tatu na 5 moja pekee, gawa kwa 5, 216 tena.

Sehemu na desimali zinafuata sheria ile ile, kyubu ya 2/3 ni 8/27, na kyubu ya 0.2 ni 0.008 sio 0.8, hesabu tarakimu baada ya nukta, moja inakua tatu. Namba hasi: −3 × −3 × −3 inabaki hasi, −27, kwaiyo −27 ina kipeuo cha tatu na ni −3. Wengi wanakataa kwa sababu kwenye miraba walikatazwa.

Hatua ya 9: kyubu kwa kichwa

Kyubu ya namba yoyote ni sawa na kuzidisha namba hio na jirani zake wawili, wa chini na wa juu, alafu uongeze namba yenyewe. 19: jirani zake ni 18 na 20. 18 × 19 ni 342, mara 20 ni 6,840, ongeza 19, 6,859. 21: 20 × 21 × 22 ni 9,240, ongeza 21, 9,261. Ya 99 inashangaza watu, 98 × 99 × 100 ni 970,200, ongeza 99, 970,299. Itumie pale jirani mmoja anapoishia na sifuri, kwengine haikusaidii sana.

Vitu viwili vya kuwachezesha wakichoka. Chukua namba yoyote inayogawika kwa 3, jumlisha kyubu za tarakimu zake, jibu lifanyie ivyo ivyo tena na tena. Ukianza na 9: 729, alafu 343 + 8 + 729 = 1,080, alafu 513, alafu 153, na 153 inajirudia milele, kwa sababu 1 + 125 + 27 ni 153. Utaanza popote, 3, 12, 48, utaishia pale. Na cha pili ni 1,729. Hardy, mwanahesabu wa Uingereza, alikwenda kumtazama Ramanujan, mwanahesabu kutoka India, hospitali huko Putney, London, akamwambia teksi aliyopanda ilikua namba 1729 na haioni kama ina chochote cha ajabu. Ramanujan akiwa mgonjwa kitandani akamjibu hapana, ni namba ndogo kabisa inayopatikana kwa kujumlisha kyubu mbili kwa njia mbili tofauti. 1,728 na 1. 1,000 na 729. Waache watoto watafute wenyewe ni kyubu za nani.

Maswali ya kujipima, funika majibu kwa daftari:

Kipeuo cha tatu cha 175,616 ni ngapi? (56)
Namba gani ndogo kabisa uzidishe na 392 ipate kuwa kyubu kamili? (7, unapata 2,744 ambayo ni kyubu ya 14)
Birika lenye pande sawa lina lita 512, upande wake ni sentimita ngapi? (80)
Kyubu ya 39 kwa kichwa? (38 × 39 × 40 + 39 = 59,319)
Jumla ya kyubu kuanzia 1 mpaka 9? (45 × 45 = 2,025)
Kyubu ya vipande 1,000 imepakwa chaki nje kote, vingapi havina chaki kabisa, na vingapi vina uso mmoja? (512, na 384. Aliyejibu 512 peke yake mwambie amalizie na vya nyuso mbili na vya nyuso tatu, vyote vikirudi kuwa 1,000 basi yuko sawa)